Wagiriki Walio Hai: Neno kwa Wanaochagua Somo Dogo Chuoni

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wapya wa Afrika Mashariki na wazazi wao, hapa Marekani. Waliokosa kufika wameniomba niiweke, basi hii hapa yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wazazi, wadogo zangu. Shikamooni wakubwa. Vijana, mambo? Na ndugu zetu wa Lubumbashi kule nyuma, jambo yenu!

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie kuchagua masomo. Nikamwambia mada hiyo pana mno, nitawasinzisha watu kabla pilau haijaiva. Nikamwomba aniachie jambo moja ninalolijua. Kwa hiyo leo sitasema habari za udaktari, wala uhandisi, wala kompyuta. Za hayo mnao wa kuwaambia, na wengi wao ni mama zenu. Leo nasema Kigiriki. Sisemi kile cha Agano Jipya, wala cha akina Plato. Nasema Kigiriki wanachogombania nacho nafasi ya kuegesha gari Athens asubuhi hii.

Naona baba mmoja pale anamgeukia mwanawe, kama anayeuliza, haya ndiyo tuliyoyafungia safari? Tulia baba. Nitaanza na wewe.

Swali lako nalijua kabla hujalitoa mdomoni. Kigiriki kitamlisha nini mtoto? Jibu la kweli ni kwamba peke yake hakitamlisha. Sitakudanganya mbele ya umati wote huu. Lakini somo dogo, hili wanaloliita maina, halikuwekwa limlishe mtu. La kumlisha ni somo kuu: uhasibu, uuguzi, uhandisi, au uchumi kama nilivyosoma mimi. Pembeni yake chuo kinamruhusu mwanafunzi ajijengee fani ya pili, ya kozi chache, aghalabu tano, sita, saba, nayo inaandikwa kwenye matokeo yake.

Na hapa ndipo ninapogombana na wazazi wenzangu. Hizo kozi mtoto atazisoma tu, mpende msipende. Vyuo vya nchi hii vinadai mwanafunzi asome mambo ya nje ya fani yake, na vingi vinadai na lugha ya kigeni juu yake. Atazilipia tu. Je, azitawanye, moja ya muziki, moja ya saikolojia, moja aliyoichukua kwa sababu haina mtihani? Au azifunge fungu moja ziwe kitu? Ada ni ileile.

Ndani ya fungu hili kuna nini? Vyuo vinatofautiana, ila kwa kawaida lugha ndiyo inayotangulia, mwaka mmoja au miwili. Kisha zinafuata kozi za historia kuanzia vita vya uhuru vya 1821, fasihi, sinema, muziki, uhamiaji, na suala la Cyprus. Nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna anayekutaka uchambue riwaya ya Kigiriki muhula wa kwanza. Na madarasa ni madogo. Kwenye ukumbi wa uchumi wa mwaka wa kwanza mnakaa mamia na mwalimu hamjui yeyote. Kwenye Kigiriki mnakaa meza moja. Mwalimu anajua jina lako na anajua Jumanne hukuja. Siku utakapohitaji barua ya kuombea nafasi ya uzamili, yupo mtu wa kuandika habari zako na siyo habari za namba yako ya usajili. Hilo, baba, linalisha.

Sasa nije kwenu vijana. Kwa nini Kigiriki, na siyo Kihispania ambacho kingewafaa hata dukani?

Kwa sababu Wagiriki wa leo ni watu waliofunikwa na mababu zao. Dunia nzima inawajua waliokufa. Mtalii anapanda Akropolis, anapiga picha nguzo, anashuka, anarudi kwao, na katika siku zake zote pale hakumwona Mgiriki ila aliyemletea kahawa. Hili silo jambo geni kwetu. Nani hapa hajaulizwa habari za simba? Mikono juu! Ukisema umetoka Tanzania unaulizwa simba, na wewe umezaliwa Temeke. Mgiriki anaulizwa Sokrates, naye kakulia kwenye ghorofa la tano, mama yake anapika dengu. Ninachokuombeni leo ni kimoja: someni walio hai. Walio hai ndio wanaopiga kura, ndio wanaohama, ndio wanaogombana, ndio wanaotunga nyimbo. Someni walio hai.

Tuanze na lugha yenyewe, maana nasikia mnanong'ona kwamba ni ngumu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imekipangia Kigiriki saa 1,100 za darasani, na Kiswahili saa 900. Hesabu hizo ni za mtu aliyekulia Kiingereza. Wewe hukukulia hicho.

Tazama. Irabu za Kigiriki ni tano: a, e, i, o, u. Ni zilezile zetu, hazivutwi wala hazipindwi. Kuna sauti ambayo Mmarekani anaihangaikia hadi mshipa wa shingo unamtoka, ile ya mwanzo wa neno la maziwa, *gala*. Ni gh. Gh ya ghali, gh ya ghorofa. Mtoto wa Pwani anaitoa huku anatafuna. Ipo th ya thelathini, ipo dh ya dhahabu, ipo kh ya Khamisi. Zote tunazo, tulizipata kwa majirani wa ng'ambo ya bahari miaka mingi iliyopita. Ndugu zangu wa bara mnaosema "zahabu", hapa mtalipia kidogo. (Kicheko.)

Kisha upatanisho. Kigiriki kina jinsia tatu za majina, na kila kinachoandamana na jina lazima kifuatane nalo. Mwanafunzi wa Kiingereza anauliza, kivumishi kina kosa gani hata kibadilishwe? Wewe umekuwa ukisema kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri tangu hujaota meno ya pili. Akili yako imeshafundishwa kuangalia jina kwanza. Utahangaika na miisho, ila hutauliza kwa nini.

Yapo yatakayokutesa, siyafichi. Sauti moja ya i inaandikwa kwa njia tano, na hakuna hekima itakayokuonyesha ni ipi ila kukariri. Mkazo hauna kwao: sisi tunaukazia silabi ya pili kutoka mwisho tukalala, wao unarukaruka, na ukiukosea umesema neno jingine. Hata jina la mtu linageuka ukimwita. Yupo rafiki yako anaitwa Giorgos. Ukitaka ageuke, sema Giorgo. Na "ndiyo" yao inasikika *ne*, ambayo masikioni mwa Waingereza ni kama kukataa. "Hapana" wakati mwingine haisemwi kabisa: mtu anainua nyusi, anarudisha kichwa nyuma kidogo, anagonga ulimi, ts. Sisi watu wa Pwani siku ya kwanza tunadhani tumesonywa.

Hayo ni ya darasani. Nihamie kwenye jambo lililonifanya mimi nisiache kozi hii baada ya mwaka wa kwanza.

Mwaka 1901 gazeti moja la Athens, *Akropolis*, lilianza kuchapa Injili ya Mathayo. Injili ile iliandikwa Kigiriki tangu asili, lakini Kigiriki cha karne nyingi nyuma, ambacho muuza samaki hakielewi. Gazeti liliichapa kwa lugha ya muuza samaki. Mfasiri wake, Alexandros Pallis, alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Liverpool. Wanafunzi wa chuo kikuu wakamiminika barabarani. Mnadhani walikwenda kushangilia kwamba sasa bibi zao watasoma Injili? Walikwenda kupinga! Walisema lugha takatifu imetiwa uchafu, taifa limetukanwa. Askari wakatoka, risasi zikapigwa, na mwezi wa Novemba watu wanane wakafa. Waziri mkuu akaondoka madarakani na askofu mkuu wa Athens akajiuzulu. Katiba ya 1911 ikaweka ulinzi kwa maandiko matakatifu, yasiguswe, na kwa lugha rasmi.

Watu wanane, kwa ajili ya tafsiri!

Sababu ni kwamba nchi ile ilikuwa na Kigiriki mara mbili. Kulikuwa na Katharevousa, lugha "safi" ya wasomi, iliyosuguliwa maneno ya Kituruki na ya Kiitalia yakatoka, na kuvutwa nyuma ifanane na ya wahenga. Hiyo ndiyo iliyoandikia sheria, ndiyo ya mahakamani, ndiyo ya chuoni. Na kulikuwa na Dimotiki, ya jikoni, ya sokoni, ya nyimbo. Mtoto anaanza shule anaambiwa kwamba alichofundishwa na mama yake siyo lugha. Mashairi yaliandikwa kwa moja, hati za kiwanja kwa nyingine. Mwaka 1967 makanali wa jeshi walipopindua serikali waliishikilia ile ya kisomi kama sare. Walipoanguka 1974 ikaanguka nao, na 1976 sheria ikaifanya Dimotiki lugha ya elimu. Miaka 75 baada ya wale wanane. Mwaka 1982 wakaondoa hata utitiri wa alama za juu ya herufi, ikabaki moja tu ya mkazo. Mnaoanza leo washukuruni waliopigania hilo.

Wenzangu darasani, waliokulia Kiingereza, walisoma habari hii kama kisa cha ajabu. Mimi sikuona ajabu. Nimekua na watu waliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama yao. Na sisi wa Kiswahili tunazo zetu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mpaka leo ukikaa barazani na mzee wa Mvita ukamtajia hilo, kahawa itapoa. Hatukuuana, alhamdulillahi. Lakini swali la nani ana haki ya kusema hiki ndicho Kiswahili, hiki siyo, bado tunalo, na tunaligombania kila siku kwenye simu zetu.

Na utawala ule wa makanali una kisa kingine. Giorgos Seferis alikuwa mshairi na mwanadiplomasia. Alipata Tuzo ya Nobel 1963. Wakati wa vita kuu ya pili alitumikia hata Pretoria, Afrika Kusini. Alikuwa mtu mwenye kuchunga ulimi. Makanali walipoingia alinyamaza karibu miaka miwili, kisha Machi 1969 akatoa tamko la kuwapinga, likasikika kupitia BBC. Wakamnyang'anya pasipoti ya kidiplomasia. Alifariki Septemba 1971. Umati uliosindikiza jeneza lake mitaa ya Athens ulianza kuimba shairi lake lililotiwa muziki na Mikis Theodorakis, na muziki wa Theodorakis ulikuwa umepigwa marufuku na jeshi. Watu waliimba mbele ya polisi, kwenye mazishi ya mtu ambaye maishani mwake hakuwa wa kupaza sauti. Ukikisoma Kigiriki mwaka mmoja tu, maneno yale unaweza kuyaelewa bila mkalimani. Ni maneno mepesi mno, ya ufukweni, ya kiu na maji ya chumvi.

Sasa niulize jingine. Mgiriki ni nani?

Msicheke, swali hili liliwahi kujibiwa kwa mkataba. Baada ya jeshi la Ugiriki kushindwa Anatolia, katika Uturuki ya leo, 1922, na mji wa Smyrna, Izmir ya leo, kuteketea, Ugiriki na Uturuki zilikaa Lausanne zikatia sahihi, Januari 1923, kubadilishana watu. Kubadilishana watu! Wakristo wa Orthodoksi wapatao milioni 1.2 wa kwenda Ugiriki, Waislamu kiasi cha laki nne wa kwenda Uturuki. Wengi wa hao wa kwanza walikuwa wameshakimbia. Mkataba uliwafungia mlango wa kurudi. Kipimo kilikuwa nini? Lugha? Hapana. Walichojiita wenyewe? Hapana. Kipimo kilikuwa dini.

Kwa hiyo mama Mwislamu wa Krete, asiyejua neno la Kituruki, ambaye nyimbo za kubembelezea mtoto alizijua kwa Kigiriki cha kisiwani kwake, alipandishwa meli akaambiwa nenda kwenu. Kwenu wapi? Na upande wa pili, Wakristo wa Anatolia ya ndani ambao lugha yao nyumbani ilikuwa Kituruki, wakikiandika kwa herufi za Kigiriki, walishushwa Piraeus, bandari ya Athens, wakaambiwa mmefika nyumbani. Wenyeji wakawaita mbegu za Kituruki. Jaribu kulifikiria hilo, wewe ambaye babu yako aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na hakuna aliyemwambia basi wewe ni Mwarabu. Au pengine yupo aliyemwambia.

Katika vibanda vya wakimbizi hao, bandarini, ndimo muziki wa rebetiko ulimokomaa. Serikali ziliusaka na kuukata maneno, ukaonekana wa wavuta hashishi na wahuni. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa binadamu. Wapenzi wa taarab wanaijua njia hiyo, kutoka kwenye lawama mpaka kwenye sherehe za kiserikali.

Nenda Thessaloniki. Mwanzoni mwa karne ya 20 kundi kubwa kuliko yote mjini pale lilikuwa Wayahudi, wenye Kihispania chao cha kale walichofukuzwa nacho Hispania. Mwaka 1943 Wajerumani waliwapakia kwenye treni kwenda Auschwitz, zaidi ya watu 40,000 katika miezi michache. Makaburi yao yalikuwa yameshavunjwa, na juu yake leo kimesimama Chuo Kikuu cha Aristotle. Mwanafunzi akienda pale kusoma Kigiriki anakanyaga hapo kila siku. Vitabu vya watalii havikuambii. Mwalimu mzuri atakuambia wiki ya kwanza.

Tukija karibu zaidi, vijana wa mpira wa kikapu mnamjua Giannis Antetokounmpo. Amezaliwa Athens 1994, wazazi wake Wanigeria. Kakulia pale, kasoma pale, kauza saa na miwani barabarani na ndugu zake. Uraia? Aliupata 2013, mwaka uleule aliochukuliwa na timu ya Marekani. Miaka kumi na minane hakuwa raia wa nchi aliyozaliwa wala hakuwa na hati za nyingine, halafu ghafla akawa fahari ya taifa. Sheria ya 2015 ndiyo iliyowafungulia njia watoto waliozaliwa na kusoma pale. Nyinyi mlio hapa na karatasi zenu za uhamiaji mifukoni, hii kwenu siyo historia ya watu wengine.

Nikisoma uchumi, kozi za Kigiriki zilinirudisha kwenye fani yangu kwa mlango wa nyuma. Nchi inakopa, inashindwa kulipa, Shirika la Fedha la Kimataifa linaingia na masharti: punguzeni mishahara, kateni pensheni, uzeni mali ya umma. Kwa Ugiriki ilikuwa 2010. Pato la taifa likapungua kama robo. Julai 2015 wananchi waliulizwa kwa kura kama wanakubali masharti, asilimia 61 wakakataa, na siku chache baadaye serikali yao wenyewe ikakubali masharti. Wazee waliokuwa Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwalimu alipovutana na shirika hilohilo, wangeweza kuisimulia hadithi hii bila kufika Ulaya. Bandari ya Piraeus tangu 2016 iko chini ya kampuni ya Kichina, COSCO. Mjadala wa bandari ya Dar es Salaam mliusikia nyote. Hayo ndiyo mambo ya walio hai.

Nimalizie na la nyumbani, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote.

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga ukitaja mkonge hujafika mbali kabla hujamtaja Mgiriki. Walikuja wakati wa Wajerumani na kazi za reli, wengine wakabaki, wakachukua mashamba ya mkonge, kahawa Kilimanjaro na Arusha, tumbaku Iringa. Sitawapamba. Mkonge ule ulikatwa na manamba, walioletwa kutoka mbali kwa mkataba, wakachomwa na miiba kwa ujira mdogo. Baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa, na Wagiriki wengi wakaondoka. Makanisa yao yapo bado, na shule ya St Constantine's pale Arusha ilianzishwa na jamii yao. Upande wa manamba kuna waliouandika. Lakini wale mabwana shamba walipowaandikia ndugu zao visiwani, waliandika Kigiriki. Nani katika sisi anaweza kuzisoma barua hizo? Mtu anayejua Kiswahili na Kigiriki sawasawa ana historia nzima inayomngoja.

Ndugu zetu wa Kongo wanazo zao. Lubumbashi ina jamii ya Wagiriki tangu ikiitwa Elisabethville, na Moïse Katumbi, mwanasiasa mnayemjua wote, baba yake alikuwa Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki.

Waganda, mmekaa kimya sana. Nyinyi mna Reuben Mukasa Spartas, askari wa zamani wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Aliachana na Waanglikana akitafuta kanisa ambalo Mwafrika hatakuwa mtoto ndani yake, akajitangaza Morthodoksi. Alikuwa amepewa upadri na askofu aliyetoka Afrika Kusini. Mgiriki mmoja aliyeishi Uganda akamwomba ambatizie mtoto, akaitazama ibada, akaona hapana, hii siyo tuliyoizoea nyumbani. Hakumcheka. Alimwelekeza kwa padri Nikodemos Sarikas, aliyekuwa akiwahudumia Wagiriki wa Tanganyika. Kutoka hapo mawasiliano yakafika Alexandria, na mwaka 1946 Upatriaki wa huko, makao makuu ya Waorthodoksi wa Afrika, ukawapokea Waorthodoksi wa Uganda na wa Kenya. Wa Kenya walitoka katika vuguvugu la shule huru za Wakikuyu, wakafungiwa makanisa wakati wa Mau Mau.

Kisha sikilizeni. Mwaka 1956 Waingereza walimkamata Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus, kiongozi wa Wagiriki wa kisiwa kile dhidi ya utawala wao. Wakampeleka uhamishoni. Wapi? Shelisheli. Kulekule walikowapeleka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Kulekule alikopitishwa Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Wafalme wetu na askofu wao walitazama bahari ileile! Cyprus ikapata uhuru 1960, Makarios akawa rais wake wa kwanza, na mwaka 1971 alikuja Kenya akiwa mgeni wa Mzee Kenyatta, naye mfungwa wa zamani wa Waingereza haohao. Katika ziara hiyo ndipo ulipowekwa msingi wa seminari ya Riruta, Nairobi, inayoitwa kwa jina lake. Nani aliwahi kufundishwa hilo shuleni? Mimi sikufundishwa. Nililikuta katika kozi ya Kigiriki, Marekani.

Basi, ya kufanya. Anzeni lugha muhula wa kwanza kabisa, msingoje mwaka wa tatu. Kozi za lugha hupangwa kwa mfuatano, ukichelewa huzimalizi. Muone mshauri wa masomo kabla ya kujisajili, umwulize ni kozi zipi za maina zinakubaliwa pia kulipia masharti ya jumla ya chuo, maana nyingine zinahesabiwa kote kuwili. Ulizieni fedha: idara ndogo mara nyingi zina misaada ya safari ambayo hakuna anayeiomba. Chuo Kikuu cha Aristotle kina Shule ya Kigiriki cha Kisasa iliyoanzishwa 1970, wageni huenda kusoma hata majira ya joto. Na ukitaka karatasi ya kumwonyesha mwajiri, upo mtihani wa Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki, ngazi za A1 mpaka C2.

Darasani mtawakuta watoto wa Kigiriki wazaliwa wa hapa, wanaosikia kila kitu kwa sababu ya bibi zao. Msiwaogope. Kuandika hawajui, hasa ile i ya njia tano. Kaeni nao, mbadilishane. Wakati wa Pasaka watawaalika, na ukialikwa nenda: usiku wa manane watu wamebeba mishumaa, kisha mayai mekundu yanagonganishwa, kisha supu ya matumbo ya kondoo. Mtu wa supu ya utumbo hatapata shida pale.

Nimesema ya kutosha, na pilau nasikia harufu yake. Tuna muda wa maswali machache. Mama pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja mkonge. Shikamoo mama, mpeni kipaza sauti.